GARI LA WAGONJWA NALO HUUGUA

Ndugu msikilizaji, king'ora cha gari la wagonjwa kinapolia barabarani, wote tunajua la kufanya. Daladala husogea pembeni, mwenye mkokoteni huuvuta ukingoni mwa mtaro, na hata yule dereva mbishi asiyempisha mtu siku hiyo hukubali kupisha. Tunafanya hivyo kwa sababu ndani ya gari lile kuna roho ya mtu. Lakini ni wangapi miongoni mwetu tuliowahi kujiuliza kama gari lenyewe ni zima?

Leo nataka tuzungumze juu ya magari ya dharura, yaani ya wagonjwa, ya zimamoto na ya polisi, ambayo yametoka kiwandani yakiwa tayari na ugonjwa wake, na juu ya utaratibu uliopo duniani wa kuyaita yarudi yakatibiwe. Nitashughulika zaidi na vile vilivyo chini ya gari: springi, shokapu na vyuma vinavyoshika magurudumu. Huko ndiko mambo huharibika kimyakimya, mpaka siku yanapotoa kishindo.

Kwanza tuelewane. Gari huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni uchakavu. Bushi huliwa, shokapu huvuja, springi hukatika baada ya kukanyaga mashimo miaka nenda miaka rudi. Huo ni mzigo wa mwenye gari, na dawa yake ni fundi na vipuri. Njia ya pili ni kasoro ya kuzaliwa nayo. Chuma kimechorwa chembamba kuliko kazi yake, au hakikuchomelewa sawasawa, au kimekaa mahali ambapo maji na chumvi hukila bila mchoraji kufikiria jambo hilo. Hapo hata ukiwa na fundi hodari kuliko wote mjini hutapona, kwa kuwa ukikitoa chuma kilichovunjika utaweka kingine cha mchoro uleule. Tena kasoro ya namna hii haiko kwenye gari lako peke yake. Iko kwenye maelfu ya magari yaliyotoka kiwandani wakati uleule.

Kwa ajili ya kasoro hizo za kuzaliwa nazo, Marekani ilitunga sheria mwaka 1966. Kiwanda kikigundua kwamba gari lake lina kasoro inayohatarisha maisha, kinatakiwa kuiarifu serikali, kisha ndani ya siku 60 kimwandikie barua kila mwenye gari aliyemo kwenye daftari la usajili, na kulitengeneza gari hilo bila kumtoza senti. Japani nayo ilianza utaratibu wake mwaka 1969. Huo ndio ninaouita wito: kiwanda kinawaita watoto wake warudi nyumbani.

Sasa kwa nini nayataja magari ya dharura peke yake? Kwa sababu hayafanyi kazi kama gari lako au langu. Chukua gari la zimamoto. Lori la kawaida hubeba mzigo asubuhi, likaushusha mchana, na jioni springi zake zikapumzika. Gari la zimamoto halishushi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo gari lenye tangi la lita 4,000 limebeba tani nne za maji usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa kituoni na askari wamelala. Siku likiitwa, linatoka kwa kasi, linakata kona, na maji yale yanayumba ndani ya tangi.

Gari la wagonjwa nalo lina vituko vyake. Ni refu kwenda juu, limejazwa mitungi ya oksijeni, machela, makabati, muuguzi na jamaa wa mgonjwa. Muuguzi mara nyingi hajafunga mkanda, maana hawezi kumhudumia mgonjwa akiwa amefungwa kitini. Shokapu zikifa, mwenye mfupa uliovunjika anazisikia kila tuta. Na kile chuma kinachoshika gurudumu lisipinde kikikatika katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hapo si suala la maumivu tena. Aliyekuwa akikimbizwa kuokolewa anakuwa mhanga wa pili, pamoja na waliokuwa wakimwokoa.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hatulijui. Gari la dharura mara nyingi lina wazazi wawili. Kampuni moja hutengeneza injini, chesisi na magurudumu. Kampuni nyingine hujenga sanduku la wagonjwa au tangi la maji juu yake. Chesisi hiyohiyo ingeweza kuwa gari la mikate. Mwaka 1987 kampuni ya Ford ya Marekani ililazimika kuyaita magari ya wagonjwa yaliyojengwa juu ya E-350 zenye injini ya petroli. Petroli ilikuwa ikipata joto kupita kiasi, inafoka, na baadhi ya magari yakashika moto. Gari la wagonjwa huunguruma muda mrefu likiwa limesimama, na lina vifaa vingi vinavyoitegemea injini. Baada ya hapo magari ya wagonjwa ya nchi ile yakaelekea kwenye dizeli. Funzo lake ni kwamba gari linalofaa kwa kazi ya kawaida si lazima lifae kwa kazi ya dharura, na asiyeangalia tofauti hiyo hawezi kuiona kasoro mapema.

Tuje kwenye vyuma vya magurudumu. Mwaka 2021 Ford hiyohiyo iliyaita magari 774,696 aina ya Explorer yaliyotengenezwa kati ya mwaka 2013 na 2017. Tatizo lilikuwa mkono mdogo wa chuma, nyuma ya gari, ambao kazi yake ni kulishika gurudumu litazame mbele. Mkono ule uliweza kukatika, na ukikatika gurudumu la nyuma linajielekea linakotaka na dereva anapoteza usukani. Si mara ya kwanza mkono huo kuleta wito. Mwaka 2019 pia Explorer ziliitwa kwa sababu ya mkono kama huo. Msikilizaji, Explorer ndiyo gari ambalo Ford hulitengenezea umbo la polisi, na askari wengi wa Marekani huliendesha. Sisemi kwamba kila gari la polisi lilikuwamo katika hesabu hiyo. Ninachosema ni kwamba chuma kidogo kisichozidi urefu wa mkono wa mtu kiliweza kuyarudisha magari zaidi ya laki saba karakana, kutoka Marekani hadi China na Ulaya. Na yalirudi kwa sababu palikuwa na daftari la wenye magari, palikuwa na anuani, na palikuwa na serikali iliyotaka kujua.

Pasipokuwa na ukweli, mambo huwaje? Twende Japani.

Ukisema Fuso hapa kwetu kila mtu anaelewa. Ni lori lile linaloleta viazi kutoka Njombe na mbao kutoka Mafinga, na jina limekuwa la Kiswahili kabisa. Nalileta katika mazungumzo haya kwa sababu magari ya zimamoto hujengwa juu ya chesisi za malori. Ugonjwa wa lori ni ugonjwa wa zimamoto.

Mwaka 2000, baada ya mtu wa ndani kuinong'oneza serikali ya Japani, wakaguzi waliingia katika kampuni ya Mitsubishi Motors wakakuta malalamiko ya wateja yamefichwa, hata kwenye makabati ya kubadilishia nguo. Kwa zaidi ya miaka 20, tangu mwaka 1977, kampuni ilikuwa na madaftari mawili: moja la kuonyesha serikali na jingine la kujua yenyewe. Wakaomba radhi, mkuu wa kampuni akajiuzulu, na watu wakadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Januari mwaka 2002, katika mji wa Yokohama, gurudumu lenye uzito wa kilo 140 hivi lilichomoka kwenye lori kubwa la kampuni hiyo. Likabingirika na kumgonga mama mmoja wa miaka 29 aliyekuwa akitembea kando ya barabara na watoto wake wawili. Mama alikufa, watoto wakaumia. Kilichovunjika ni habu, kile chuma cha katikati ambacho gurudumu hufungwa kwake kwa nati. Kampuni ilisemaje? Ilisema wenye malori hawayatunzi vizuri. Ilisema ni uchakavu.

Ikachukua miaka miwili. Machi mwaka 2004 Mitsubishi Fuso ilikiri kwamba habu yenyewe ilikuwa na kasoro ya mchoro, ikayaita malori na mabasi zaidi ya 110,000. Wakubwa wakakamatwa. Mwaka 2007 mahakama ya Yokohama iliwatia hatiani waliokuwa watumishi wawili wa kampuni kwa uzembe uliosababisha kifo, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Japani ikakubaliana na hukumu hiyo.

Msikilizaji, yasikilize tena maneno yale: wenye magari hawayatunzi. Hayafanani na tunayoyasikia hapa kila gari linapopinduka? Kabla vumbi halijatulia, taarifa imeshatoka: mwendo kasi na uzembe wa dereva. Sikatai kwamba mwendo kasi unaua, na madereva wazembe tunao. Lakini marehemu hawezi kujitetea. Iwapo dereva wa gari la wagonjwa amekufa pamoja na mgonjwa wake, ni nani atakayelala chini ya mabaki yale kutazama kama chuma kilikatika kabla ya gari kupinduka au baada ya kupinduka? Fundi mzoefu anaweza kutofautisha. Chuma kilichokatika polepole huwa na sehemu nyeusi au yenye kutu palipoanza ufa, na sehemu nyeupe inayong'aa palipomalizikia. Kinachotakiwa ni mtu kutumwa kwenda kutazama, na alichokiona kiandikwe.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Wito hauzaliwi kiwandani; huzaliwa kwenye kumbukumbu. Fundi mmoja anaona boljointi moja imechomoka, anabadilisha, anasahau. Fundi wa mkoa mwingine anaona ya pili, naye anasahau. Kila mmoja ameona ajali. Lakini wangeandika na karatasi zao zikakutana mezani kwa mtu mmoja, mtu huyo angeona ugonjwa.

Tena ugonjwa huo unaweza kuonekana kwanza mbali na kiwanda. Mwaka 1999 Ford ilianza kubadilisha matairi ya Firestone kwenye magari yake huko Saudi Arabia, baada ya matairi hayo kubanduka katika joto la jangwa. Wakati huo Wamarekani wenyewe walikuwa bado wanayaendesha bila habari. Wito wa Marekani ulikuja Agosti mwaka 2000, na vifo vilivyohusishwa na matairi yale nchini humo vilipita 200. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Bunge lao likapitisha sheria mpya: kampuni ikiyaita magari yake katika nchi nyingine yoyote, iiarifu serikali ya Marekani ndani ya siku tano za kazi. Taifa kubwa lile lilijifunza kwamba habari ya usalama wake inaweza kutoka kwa dereva wa Riyadh. Sisi tunasubiri habari zetu zitoke wapi?

Tuzitazame njia ambazo magari ya dharura hutufikia. Yapo mapya, yanayonunuliwa kwa wakala. Haya yana nafuu, maana wakala anajua amemwuzia nani. Yapo yaliyotumika Japani, kama zile HiAce ambazo nyingine huwa daladala na nyingine huandikwa msalaba mwekundu au mwezi mwekundu ubavuni. Kiwanda kikilikuta gari hilo na kasoro, barua itakwenda kwa mwenye gari aliyeko kwenye daftari, na huyo yuko Osaka, amekwishaliuza zamani. Tena magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi ya chesisi, si ile ya tarakimu na herufi 17 wanayoitumia Wamarekani, kwa hiyo ukiiingiza namba yake kwenye kitafutio cha Marekani utaambiwa gari hilo halijulikani. Kenya imeweka mpaka kwamba gari lililotumika lisizidi umri wa miaka 8. Ni jambo jema kwa uchakavu, lakini kasoro ya kuzaliwa nayo haihesabu miaka. Takwimu ya umri haiwezi kukuambia kama habu ni nzima.

Halafu yapo magari ya msaada. Land Cruiser nyingi za mashirika ya misaada hutengenezwa Japani, hupitia Gibraltar ambako kampuni ya Toyota Gibraltar Stockholdings huyageuza mengine kuwa ya wagonjwa, hulipiwa na mfadhili aliyeko nchi ya tatu, hupokewa na wizara katika nchi ya nne, na mwisho hukabidhiwa wilaya kwa ngoma na picha. Ni gari imara, sina ugomvi nalo. Swali langu ni la barua. Wito ukitoka leo, barua hiyo itapita kwa nani mpaka imfikie dereva aliyeko kituo cha afya cha kijijini, kilomita 90 kutoka lami?

Nilizungumza na dereva mmoja wa gari la wagonjwa, mtu wa makamo, na jina lake na la hospitali yake nayahifadhi. Nilimwuliza, "Kaka, umewahi kuambiwa kwamba gari lako limeitwa na kiwanda?" Akacheka. Akaniambia, "Ndugu mwandishi, mimi naambiwa safari tu. Nikisema gari linavuta kushoto, naulizwa kama nimechoka kazi." Nikamwuliza anaandika wapi anapoona hitilafu. Akanionyesha kitabu cha safari. Kina safu ya tarehe, ya kilomita, ya mafuta na ya sahihi ya mkubwa. Mafuta yana safu yake kwa sababu yanaibwa. Hitilafu haina safu.

Najua liko jibu ambalo wakuu wa vituo watanipa, na si jibu la kupuuzwa. Watasema: tuna gari moja tu kwa wilaya nzima. Tukilipeleka karakana siku tatu, akina mama wanaoshikwa na uchungu usiku watapanda nini? Ni kweli, na ni uchungu wa kweli. Lakini tuupime vizuri. Kwanza, si kila wito husema gari lisimame hapohapo. Upo wito unaosema usiliendeshe kabisa, na upo unaosema lilete katika matengenezo yajayo na uangalie dalili fulani. Aliyeisoma barua anaweza kupanga: akaazima gari wilaya ya jirani kwa siku tatu, akachagua siku, akawaarifu wananchi. Asiyeisoma hapangi kitu. Gari lake litasimama vilevile, ila siku hiyo itachaguliwa na chuma, na huenda chuma kikachagua usiku, kwenye daraja, na mama akiwa ndani.

Pili, wito ni bure. Katika nchi hizi ambazo shokapu moja huombewa kibali cha sahihi tatu, iko haja gani kukiacha kiwanda kipumzike na deni lake? Ni vyema tujue pia kwamba deni hilo lina mwisho. Marekani, haki ya kutengenezewa bure hudumu miaka 15 tangu gari linunuliwe likiwa jipya. Kabla ya mwaka 2015 ilikuwa miaka 10. Asiyedai mapema huja kudai kwa fedha yake.

Sasa tufanye nini? Sitaki kumalizia kwa kulia tu. Yako mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje.

La kwanza, kila taasisi yenye gari la dharura iwe na orodha ya magari yake kwa namba ya chesisi, siyo namba ya usajili peke yake. Kiwanda hakiijui namba ya usajili ya nchi yetu. Kinaijua chesisi.

La pili, awepo mtu mmoja, kwa jina na cheo, ambaye kila baada ya miezi mitatu anaipeleka orodha hiyo kwa mawakala wa makampuni na kuuliza kama kuna wito. Kwa magari yaliyotoka Japani, makampuni yenyewe huweka orodha za wito kwenye intaneti kwa namba ya chesisi. Zimeandikwa Kijapani, lakini nchi hii imejaa vijana waliosoma Japani na wafanyabiashara wanaoagiza magari kila wiki.

La tatu, anayepokea gari la msaada aulize kabla ya kukata utepe: kukitokea wito, nani atatuarifu, na kwa anuani ipi? Jibu liandikwe katika hati ya makabidhiano. Mfadhili muungwana hatachukia swali hilo.

La nne, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, ile safu iliyokosekana kwenye kitabu cha safari ichorwe. Dereva aandike anachokisikia: gari linavuta, linagonga chini likikata kona, tairi la nyuma linaliwa upande mmoja. Atakayesoma atie sahihi kwamba amesoma. Kitabu hicho kisipotea, dereva hatalaumiwa akiwa kaburini kwa chuma alichokilalamikia akiwa hai.

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba ufa wa chini ya gari hauonekani na anayekaa ofisini. Unaonekana na anayelala mvunguni kwa tochi. Basi kesho, wewe uliye mkuu wa hospitali, wa kituo cha zimamoto au wa kituo cha polisi, mwite dereva wako na fundi wako kabla hujaitwa wewe kwenye eneo la ajali. Waulize namba ya chesisi, na waulize ni lini mara ya mwisho mtu yeyote aliitazama orodha ya wito. Wakitazamana bila jibu, umekwisha kujua pa kuanzia.

Kwa leo naishia hapo.